Kisanduku Chembamba: Mwongozo kwa Wasanifu Wanaonilisha

Ndugu msanifu wa programu za simu, uwe Kampala, uwe Nairobi, uwe Kinshasa, salamu kutoka Bwera. Hunijui, lakini mimi nakujua kwa kazi ya mikono yako. Nina meza moja, mwavuli, viti viwili vya plastiki na sola ya kuchajia, hapa kwenye barabara inayochepuka Kikorongo kuja mpakani Mpondwe. Nikinyanyuka nikatembea kidogo nafika mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu kwenye simu zao wenyewe. Simu yao, jina lao, shida yao. Changu ni kidole tu. Kidole hicho hukodishwa kwa shilingi elfu moja fomu fupi na elfu mbili fomu ndefu, na siku za soko, Jumanne na Ijumaa, foleni hunyooka hadi kwa muuza chapati.

Foleni hiyo umeipanga wewe. Wanaosimama humo si watu wasiojua kusoma. Yumo mwalimu mstaafu, yumo karani wa kanisa, wamo wafanyabiashara wanaohesabu faranga za Kongo, dola na shilingi za Uganda kichwani kwa mara moja, bila kikokotoo. Jina lake kila mmoja analijua. Kinachomshinda ni kuliingiza katika kile kisanduku cha kuandikia ulichomchorea kwenye simu ya kupangusa. Enzi za vitochi, na zile simu ndogo ambazo huku tunaziita kabiriti, mimi nilikuwa nauza maandazi. Tangu mlipotuletea kioo cha kugusa na visanduku vyake, sijashika unga.

Sasa nasikia wamezuka vijana wanaotaka kuviongeza ukubwa. Ndiyo maana nimeharakisha kuandika mwongozo huu, ujuzi wako usije ukapotea.

Tuanze na kimo. Kisanduku kiwe kifupi, kilale kama uzi wa mshonaji. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe umewapita wazee, maana umetengeneza chawa mwenyewe kisha ukaomba kidole kimoja kimvunje. Panga visanduku vyako vikigusana mabega, juu cha jina, chini yake cha simu, chini yake kitufe cha kufuta yote. Mteja akigonga mara ya kwanza apate cha juu, mara ya pili cha chini, mara ya tatu afute kila alichoandika tangu asubuhi. Mara ya nne hatagonga. Atainua macho kutafuta mwavuli wangu.

Hapa lazima nikuonye kuhusu mambo ya kutosoma. Apple huwaambia watengenezaji wa programu zake kwamba kila kitu cha kuguswa kiwe angalau pointi 44 kwa 44. Google, katika mwongozo wao wa Material Design, wanataka dp 48 kwa 48, wakieleza kwamba ni kama milimita 9 hivi, skrini iwe kubwa au ndogo. Na kisanduku cha maandishi chenyewe wamekipa kimo cha dp 56. Mwaka 2006 watafiti watatu, Parhi, Karlson na Bederson, waliwapa watu vifaa vidogo vya skrini ya mguso, wakawataka wavitumie kwa gumba la mkono mmoja. Walichokiona ni kwamba kitu cha kuguswa mara moja kinahitaji milimita 9.2, na vya kuguswa mfululizo, kama mtu anavyoandika, milimita 9.6. Kabla yao, mwaka 1954, Mmarekani Paul Fitts alishapima kwamba shabaha ikiwa ndogo na ikiwa mbali, mkono huchelewa kuifikia. Mwindaji yeyote wa Rwenzori angemweleza hayo bila kutoza kitu.

Ukibanwa sana, kimbilia kwa watunza viwango vya wavuti. Toleo lao la 2.1 la miongozo ya ufikivu, la mwaka 2018, lilitaja pikseli 44 kwa 44, lakini likaziweka kwenye daraja la juu ambalo wengi hawalikaribii. Toleo la 2.2, la mwaka 2023, likaja na kipimo chepesi zaidi: pikseli 24 kwa 24, tena chenye misamaha yake. Shika hicho hicho cha chini. Bosi akikuuliza, mwambie tumetimiza masharti. Mimi nitakuunga mkono kwa moyo wote.

Nikueleze na vidole vyenyewe, maana nadhani hujawahi kuviona. Wewe unajaribu kazi yako kwa kidole chako, kidole cha ofisini, laini, kilichotoka kushika kikombe cha chai. Vidole vinavyokuja mezani kwangu vina historia. Vipo vya Katwe, vya watu wanaosimama ndani ya ziwa la chumvi wakipasua mabonge kutoka chini, na vya wanawake wanaochunga chumvi kwenye vidimbwi vyao mpaka ikauke. Vipo vya wavuvi wa Ziwa Edward. Vipo vya wanaopakua mbao zinazotoka Kongo, vya wanaoanika kahawa na kakao, vya waliofyatua matofali. Kioo cha kugusa hakimtambui mtu kwa sura wala kwa heshima yake kijijini. Hutambua chaji ndogo ya umeme inayopita kwenye ngozi. Ngozi ikikauka ikaota sugu, kioo hukitilia kidole shaka. Ikiwa na maji, kioo huona vidole ambavyo havipo. Kidole chenye sugu hulala bapa kikifunika herufi tatu za kibodi kwa pamoja.

Siku moja alikuja mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi. Alikuwa amegonga kisanduku cha jina mpaka kucha imeacha alama kwenye plastiki ya kioo. Akanionyesha kidole, akakigeuza huku na huku.

“Mwanangu, hiki kimekufa?”

“Hakijafa, mama. Kimekosa pa kukanyaga.”

“Basi lete chako.”

Nikaleta changu. Elfu moja. Unaona jinsi ulivyo mfadhili wangu?

Ukishamaliza kimo, njoo kwenye upana. Hapa ndipo mimi na wewe tunapopata riziki nono, na kisa chake ni majina ya Wakonzo. Kwa kawaida sisi humpa mtoto jina la zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Wasichana nao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Vuka mto, kwa ndugu zetu Wanande, utakuta zamu ni hiyo hiyo kwa matamshi ya kwao: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Kwa hiyo ukisimama sokoni ukaita “Bwambale!” watageuka watu wa kutosha kujaza basi. Kinachomtofautisha Bwambale mmoja na mwingine ni majina yanayofuata, lile la pili na lile la ubatizo.

Sasa tengeneza kisanduku kinachoonyesha herufi 8. Bwambale ina herufi 8. Masereka ina herufi 8. Kile kinachomfanya mtu awe yeye kitafichwa chote nyuma ya ukuta, na kitakachobaki machoni ni kwamba mama yake alizaa mvulana wa pili. Mtu hawezi kusoma alichoandika, hawezi kujua kama amekosea, na akikosea itabidi aburute maandishi kwa kidole kile kile chenye sugu ndani ya tundu lile lile. Ukitaka kuukamilisha ufundi, weka na ukomo wa herufi 15 usiotangazwa, jina likatwe kimya kimya bila onyo. Mtu huondoka akiamini amejiandikisha. Baada ya wiki huambiwa jina halilingani na la kitambulisho. Hurudi kwangu. Fomu ya kusahihisha ni ndefu, elfu mbili.

Usisahau kibodi yenye masahihisho ya kujiendesha. Iache iwashwe hata kwenye kisanduku cha jina, na iwe ya Kiingereza. Nimeshuhudia Kule akigeuzwa Rule mbele ya macho yangu, mara tatu, na mwenyewe akiifuta kila mara kama anayefukuza nzi. Jina Kule lina mkosi wake hata bila mashine. Mgeni kutoka Dar es Salaam akiuliza “Nani mwenzangu?” anajibiwa “Kule.” “Kule wapi?” “Kule mimi.” Mpaka waelewane chai imepoa.

Kitambulisho cha taifa nacho kina baraka zake. Namba ile ya Uganda ina herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke, kisha tarakimu na herufi zikachanganywa. Mpe mtu kisanduku kinachoonyesha 9. Ahesabu mpaka ya tisa, apoteze ya kwanza, arudi nyuma, apoteze ya mwisho. Chagua mwandiko ambao sifuri na herufi O ni pacha. Kibodi yako imrushe kutoka herufi kwenda tarakimu na kurudi, kila mara akitafuta kile kitufe kidogo cha pembeni.

Kwenye namba ya simu unaweza kuwa mkarimu kidogo kwa sababu mchezo ni mwingine. Ikiandikwa kwa mtindo wa hapa ina tarakimu 10. Ikianza na +256 inakuwa 13 pamoja na ile alama, na ya Kongo ya +243 vilevile. Watu wa mpakani wana laini mbili, ya huku na ya kule, na wengine wana mume upande mmoja na duka upande wa pili. Wewe weka nafasi ya 10 kamili, kisha kataa namba ya 10 kwa madai kwamba ulitaka ya 13. Na usiite ile kibodi ya tarakimu peke yake. Nasikia ni neno moja tu la kuongeza kwenye msimbo, na tarakimu zinakuja kubwa kama vitufe vya redio. Usiliandike neno hilo.

Fedha. Hapa naomba uwe mwangalifu, maana hata mimi hapa huwa natetemeka. Noti kubwa ya Uganda ni ya 50,000, kwa hiyo mzigo wa kawaida tu wa samaki au kakao unaingia kwenye tarakimu sita na saba. Ukimpa mfanyabiashara kisanduku kinachoonyesha tarakimu tano, anapoandika maandishi husogea yakaonyesha mwisho wake. Laki moja, ukiiandika bila mkato, itaonyesha 00000. Milioni moja itaonyesha 00000. Mimi mwenyewe nimewahi kuhesabu sifuri za mtu kwa kuzitamka, yeye akinisaidia kwa vidole, na jirani yetu wa chapati akiwa shahidi, kabla ya kubonyeza kutuma. Ukiweka mikato ya kutenganisha maelfu na nafasi ya kuiona yote, kazi hii ya kuhesabu kwa sauti itakufa. Sitaki kusema mengi kuhusu hili. Kuna mtu alilia hapa, na hata ada yangu sikuidai.

Turudi kwenye furaha. Anwani. Umeandika “mtaa na namba ya nyumba”, jambo linalotuchekesha sana, kwa sababu nyumba zetu hujulikana kwa mwenyekiti wa kijiji, kanisa lililo karibu na mti uliokatwa mwaka juzi. Lakini tuseme mtu anataka tu kuandika mji wake. Kisanduku cha wavuti ambacho msanifu hakukipa kipimo chochote huonyesha herufi 20 hivi. Mpondwe-Lhubiriha, ukihesabu na kile kistari, ni 17. Zimebaki tatu, na mtu hajataja kijiji, wala kata, wala wilaya ya Kasese. Mhandisi aliyejenga reli alipima njia kwa mzigo utakaopita. Wewe umepima kwa jina la mtaa wako.

Nimetaja reli, basi nikumbuke mzee mmoja. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mzee huyu anajua mwaka wake wa kuzaliwa kwa sababu hiyo: mama yake alimwambia amezaliwa mwaka ilipofika reli. Anajua vizuri. Tarakimu nne. Wewe badala ya kumpa kisanduku kipana cha kuandika tarakimu nne ulimpa kalenda ndogo inayoanzia mwezi huu, yenye mshale mdogo wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Kufika 1956 ni kugonga mshale zaidi ya mara 800. Mzee alianza. Aliporudi nyuma mpaka miaka ya Amin akapumzika, akaagiza soda. Alipoanza tena kidole kikateleza kidogo, fomu ikajifunga.

Jua la Kasese nalo lipe kazi. Ukingo wa kisanduku uchore kwa kijivu hafifu juu ya weupe. Ofisini utaonekana wa kistaarabu. Chini ya jua la saa saba mchana karibu na Kikorongo, pale Ikweta inapopita, utatoweka kabisa, na mtu atakuwa anapapasa ukurasa mweupe kama anayetafuta sindano gizani. Bora zaidi, usichore kisanduku kabisa. Weka mstari mmoja tu wa chini. Google waliwahi kuutumia mtindo huo, kisha wakawajaribu watumiaji, wakarudi kwenye kisanduku chenye umbo la kuonekana. Wamekosa uvumilivu. Ile sheria ya watunza viwango vya wavuti, kwamba ukingo utofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 3 kwa 1, iache kwa wenye muda. Na maelezo ya kinachotakiwa yaandike ndani ya kisanduku chenyewe, kwa herufi za kijivu, ili mtu akianza kuandika tu yafutike, asahau alikuwa anaulizwa nini.

Herufi ziwe ndogo. Kwa wachache wenye iPhone kuna nyongeza ya bure: maandishi ya kisanduku yakiwa chini ya pikseli 16, kivinjari cha Safari huuvuta ukurasa wote mbele ghafla, mtu asijue yuko wapi.

Sehemu ya malalamiko iwe ya mstari mmoja. Mtu aliyepotelewa na mbuzi sita ana mengi ya kusema, na ukimwonyesha maneno manne kwa wakati mmoja atakuwa anatafuta mbuzi na sentensi. Kibodi ikifunguka ifunike kisanduku hicho. Imetosha.

Nimefikia jambo linaloninyima usingizi. Majuzi alikuja kijana, mtoto wa jirani, katoka kusomea kompyuta. Aliketi kwenye kiti changu cha pili asubuhi nzima akiandika kwenye daftari.

“Baba Masika, watu hukwama wapi hasa?”

“Hawakwami popote. Ni uvivu tu.”

Hakuniamini. Alitoa rula mfukoni akapima gumba langu. Akampima mzee wa reli. Akampima mama wa samaki, ambaye alicheka mpaka beseni likayumba, akisema tangu aolewe hakuna aliyemshika kidole kwa adabu namna ile. Ijumaa iliyofuata akarudi na fomu yake kwenye simu. Kisanduku kimoja kila mstari, kutoka ukingo hadi ukingo, kimo cha kumtosha mtu mwenye sugu, nafasi katikati yake. Swali limeandikwa juu, nje, kwa Kiswahili. Jina likiwa refu linashuka mstari wa pili lenyewe. Ukifika kwenye simu, tarakimu zinajileta.

Akampa mama wa samaki. Mama alijaza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika beseni kichwani, gumba la mkono wa pili linaandika. Jina lote. Namba yote. Akaisoma kwa sauti, akabonyeza, akamwambia kijana “Wasingya”, yaani asante, akavuka daraja kwenda Kasindi. Kwangu hata hakutazama.

Ndugu msanifu, kijana huyo atakuja kwenu kuomba kazi. Mtamjua kwa daftari la bluu na rula ya plastiki. Mkataeni. Nina watoto watano, muhula wa kwanza hufunguliwa Februari, na unga wa maandazi umepanda bei.